Mabao Kumi na Mawili

Shangazi Nyamizi alikuwa karani wa mizigo, stesheni ya Tabora,
na akishamaliza magunia ya tumbaku na madebe ya asali
aliihesabu Karakana, timu ya reli.
Daftari ni la kaunta, jalada jeusi.
Mchwa wamekula themanini na sita yote,
ila msimu wa themanini na saba wameuacha.
Labda hata wao uliwashinda.

Mechi kumi na nne.
Kufunga, kumi na mawili. Kufungwa, kumi.
Soma tena, kama nilivyosoma mimi, nimechuchumaa Isevya
mlangoni pa chumba chake, harufu ya nta ingali ukutani:
timu iliyofunga mengi kuliko ilivyofungwa
ikaburura mkia, ya nane kati ya nane,
ikashuka daraja.

Ni hivi. Moja kwa bila, walilala Urambo.
Moja kwa bila, Nzega. Moja kwa bila nyumbani,
dakika ya themanini na tisa, mpira umegonga kisiki
(kisiki kilikuwemo kiwanjani; shangazi amekichora).
Mara kumi hivyo, sindano ileile, mkono uleule.
Sare tatu, kavu kama mhogo wa Septemba.
Halafu Jumamosi moja Sikonge wakaja saba,
wenzao wamebaki njiani wanasukuma lori matopeni,
na Karakana, waliokwisha sahau nyavu hutikisikaje,
wakapiga kumi na mawili.
Kulwa peke yake, matano. Kipa wa Sikonge akalia.
Kulwa akampelekea maji.

Mabao ya msimu mzima yakaliwa mchana mmoja,
kama mshahara.

Kuna mengine pembeni, kwa penseli.
Doto, pacha wa Kulwa, golini: hakuna kipa ligi nzima
aliyefungwa machache kuliko yeye.
Wakamzomea sokoni mpaka Idi.
Chemchem waliwafunga Ipuli, Ipuli wakawafunga Cheyo,
Cheyo wakawafunga Chemchem. "Nani mkubwa?" ameandika,
na hakujibu.
Garimoshi la Kigoma lilifika kwa saa yake mara moja tu mwaka ule.
Tarehe ni ya ile Jumamosi.
Amepigia mstari, kisha ameufuta mstari.

Na nahodha Maganga: shilingi ikirushwa, yeye husema mwenge,
nayo ikalala kichwa juu. Mara kumi na nne.
Hata siku ya Sikonge.
Shangazi amezidisha mbili kwa mbili kwa mbili, ukurasa mzima,
mpaka elfu kumi na sita, mia tatu themanini na nne,
na chini yake, kwa mwandiko wa risiti:
"Katika wengi hivyo lazima imkute mmoja. Imemkuta Maganga."

Hapo niliweka daftari chini, nikachemsha chai.

Safu ya mwisho ni watazamaji.
Mechi ya kwanza, mia nne na sita.
Ya tano, tisini. Ya kumi, kumi na mmoja na mbuzi
(mbuzi amekatwa kwa wino mwekundu).
Ya kumi na nne, mvua tangu asubuhi, wawili:
mke wa Doto, na muuza karanga aliyekosa pa kujikinga.

Jioni ile naikumbuka. Nilikuwa na miaka tisa.
Alikuwa anakausha kurasa juu ya jiko, moja moja, kama dagaa.
Nikamwuliza: na wewe je, shangazi?
"Mhesabu hajihesabu," akasema, akapuliza moto.

Alikwenda zote kumi na nne, kwa pasi ya reli,
na pasipo reli, juu ya lori la chumvi.
Kwa hiyo ile jumla aliyoipigia mistari miwili,
yeye ambaye hakuwahi kupotezea mteja hata debe,
ina kosa.

Nimechukua kalamu.
Mia nne na saba. Naendelea chini,
tisini na moja, kumi na wawili,
na ile ya mvua naiandika polepole:
watatu.